Sigara ya Baada ya Chai

Mvutaji wa leo ameshatishwa vya kutosha. Onyo liko kwenye pakiti anayoifungua, redioni amelisikia, na nyumbani hukumbushwa kila anapokohoa. Anajua, na bado anavuta. Kumwongezea vitisho ni kumchosha tu.

Nadharia iliyovuma kuliko zote katika fani ya kuwasaidia watu kuacha sigara ni ya hatua, ya James Prochaska na Carlo DiClemente, iliyochapishwa mwaka 1983. Mtu huanza akiwa hana hata wazo la kuacha, kisha huwaza, hujiandaa, huacha, halafu hujilinda asirudie. Imesaidia, ila imezaa pia tabia ya kumwambia mgonjwa arudi “akiwa tayari”. Mwaka 2006, Robert West na Taj Sohal waliwachunguza wavutaji wa Uingereza wakakuta karibu nusu ya majaribio ya kuacha hayakupangwa, na hayo ya ghafla ndiyo yaliyodumu zaidi. Kwa hiyo mtu akisema anaacha leo, mwache aache leo. Kinachotaka mpango ni zile dakika chache za hatari.

Hapo ndipo namkubali zaidi Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeeleza nguvu ya mipango ya “ikiwa hivi, basi vile”. Chukulia kondakta wa daladala. Asubuhi stendi anakunywa chai na chapati, dereva wake anawasha, muuza duka ana sigara za moja moja, na chenji iko mkononi. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na kwa miaka mingi ubongo huo umezoea kuipata pale kikombe kinapokwisha. “Nitajitahidi” haitamfaa kitu. Kitakachomfaa ni hiki: “Nikimeza funda la mwisho, nanyanyuka, naingia garini kuhesabu nauli.” Hamu ikipanda, aghalabu hushuka ndani ya dakika chache, hata asipovuta. Dereva naye aambiwe mapema asimkaribishe. Bila hivyo mpango mzima uko hatarini.

Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka ana utegemezi mkubwa, na maneno peke yake huenda yasimtoshe. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeweka chingamu na plasta za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu. Chingamu hii haitafunwi kama pipi: hutafunwa polepole mpaka iwashe mdomoni, ikabanwa kati ya shavu na ufizi, kisha ikatafunwa tena. Anayeitafuna mfululizo huishia kwikwi na kiungulia, akasema dawa haifai.

Wiki ya kwanza ndiyo kali: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha. Wengi hupata nafuu ndani ya mwezi. Mwanasaikolojia Albert Bandura alikwishaeleza mwaka 1977 kwamba mtu hujenga imani ya kuliweza jambo kwa kuliweza kidogo kidogo, kwa hiyo kila chai iliyopita bila moshi ina uzito wake. Na kondakta akiteleza msibani, usiku wa kukesha, asihubiriwe. Aulizwe alikaa karibu na nani, nani alimpa, na msiba ujao atakaa upande gani wa turubai.