Kufundisha Uchaguzi wa Kigeuzi cha Badala
Katika somo hili yafaa tuanze na jambo walijualo wanafunzi wa Kilwa na Lindi: maji kujaa na kupwa. Tuseme chombo cha kupimia hutoa volti 0 hadi 5 kwa kina cha mita 0 hadi 5. Kigeuzi cha biti 8 hugeuza volti hizo kuwa namba za ngazi 256. Kila ngazi ni sentimita 2 hivi. Kikiharibika, mwanafunzi hutamani cha biti 12, chenye ngazi 4096. Tumwulize kwanza: Je, viwimbi vya bahari havizidi sentimita 2? Je, miguu yake imepangwa vilevile? Je, kinastahimili volti 5? Kilichoundwa kwa volti 3.3 huweza kuungua. Hivyo atatambua kwamba kinachofaa ni kile kinachopatana na saketi iliyopo.