Makanisa ya Kongo: kutoka darasani hadi meza ya amani

Mfanyabiashara anayevuka Petite Barrière kati ya Rubavu na Goma anajua kwamba faida ya mzigo wake inategemea sana habari za vita. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na fedha taslimu zikawa adimu. Katikati ya Februari, Bukavu nayo ikatekwa.

Wakati huo serikali ya Kinshasa ilikuwa inakataa mazungumzo ya moja kwa moja na M23. Waliofunga safari kwenda Goma walikuwa viongozi wa dini. Februari 12, ujumbe wa Baraza la Maaskofu Katoliki (CENCO) na Kanisa la Kristo nchini Kongo (ECC), linalounganisha madhehebu ya Kiprotestanti, ulikutana na Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa AFC wenye M23 ndani yake. Safari hiyo iliwafikisha pia Kigali kwa Rais Paul Kagame.

Viongozi hao walikuwa wanafahamiana na Nangaa. Ndiye aliyeongoza tume ya uchaguzi iliyomtangaza Félix Tshisekedi mshindi wa uchaguzi wa Desemba 2018. CENCO, iliyokuwa imetawanya waangalizi wapatao 40,000, ilisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na takwimu zake. Miaka sita baadaye, waliopingana hadharani wakaketi meza moja.

Imani ambayo makanisa yanayo kwa wananchi imejengwa kwa huduma. Serikali ya Mobutu ilitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, ikashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 ikayarudishia usimamizi kwa makubaliano maalumu. Hadi leo sehemu kubwa ya shule za umma nchini Kongo inasimamiwa na makanisa. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, nayo ina mizizi katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC.

Siasa ilifuata mapema. Askofu Mkuu Laurent Monsengwo aliongoza Mkutano Mkuu wa Taifa wa mwaka 1991 hadi 1992. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyetetea wakimbizi na wakazi wa mji wake, aliuawa Oktoba 1996. Na Desemba 31, 2016, CENCO ilisuluhisha makubaliano kuhusu muhula wa Rais Joseph Kabila uliokuwa umekwisha.

Kazi hiyo ina gharama. Baadhi ya watu wa chama tawala waliwashutumu viongozi wa makanisa kwa kuwapa waasi heshima wasiyostahili. Isitoshe, elimu ya msingi bila malipo iliyoanzishwa mwaka 2019 imepunguza michango ya wazazi ambayo kwa miaka mingi ilibeba shule hizo, na kuibebesha serikali mishahara ya walimu. Wakati huo huo, mazungumzo makubwa yalihamia nje: Kongo na Rwanda zikasaini mkataba Washington Juni 2025, na Kinshasa na M23 wakasaini tamko la misingi Doha mwezi uliofuata.

Hata hivyo, saini za Washington na Doha hazimalizi mgogoro wa shamba baina ya majirani, wala hofu ya kusafiri barabara inayopita katikati ya makundi yenye silaha. Hapo ndipo Mkataba wa Kijamii wa Amani, uliozinduliwa na CENCO na ECC Januari 2025, unapokusudia kuingia, kwa kuwakutanisha wananchi wenyewe pamoja na wakubwa wao.

Kwa mchuuzi wa Rubavu, Rusizi au Bujumbura, kipimo ni rahisi: je, mpaka unabaki wazi wiki baada ya wiki, na je, mteja wa upande wa pili ana fedha za kulipa? Makanisa hayana jeshi wala ofisi ya forodha. Yana parokia, shule na zahanati katika pande zote za mstari wa mapigano, na kwa sasa ni wachache wengine wanaoweza kusema hivyo.