Droni ya kunusa bunduki: uliza hili kabla hujapiga makofi

🧵 Siku moja mtu atasimama jukwaani akuambie: "Tutanunua droni zenye vihisi vya sumaku, zipite juu ya kijiji zionyeshe kila bunduki iliyofichwa." Umati utashangilia. Wewe soma huu uzi kwanza.

1/ Vihisi vyenyewe si uongo. Dunia ni kama sumaku kubwa, ndiyo maana sindano ya dira huelekea kaskazini. Chuma kikiwa karibu, huivuruga kidogo ile nguvu, na kihisi (magnetomita) hupima huo mvurugo. Ujerumani hadi leo huvitumia kusaka mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliyobaki ardhini bila kulipuka.

2/ Shida ni umbali. Ukienda mbali mara 2, alama ya kipande cha chuma hupungua mara 8. Ukienda mbali mara 10, hupungua mara 1,000! Bomu la kilo 250 ni zigo la chuma. Bunduki ina kilo 4 hivi. Ukiwa mita 1 itapiga kelele. Droni ikipaa mita 10, umebaki mnong'ono.

3/ Na huo mnong'ono uko chini ya mabati, jamani. Ongeza misumari, panga, geti, pikipiki ya jirani. Kihisi hakijui bunduki, kinajua chuma tu. Kikikosea, mlango utakaovunjwa usiku ni wa mama aliyeweka jembe uvunguni.

(Sufuria ya alumini hakiioni. Dhahabu pia hakiioni, kwa hivyo wachimbaji wa Migori msiuziwe hewa. Ile mashine ya mlangoni ya supamaketi ni kitu tofauti: hutoa mawimbi yake yenyewe, na lazima upite karibu nayo.)

4/ Mnadhani serikali haiwezi kudanganywa? Iraq ilitumia mamilioni ya dola kununua ADE 651, kishikio chenye antena, ati kinanusa mabomu. Ndani hakukuwa na chochote cha kufanya kazi hiyo. Askari walikitegemea vizuizini Baghdad huku magari yenye mabomu yakipita. Muuzaji, James McCormick, alifungwa miaka 10 huko London mwaka 2013. Waliokufa ndio hao.

5/ Kwa hivyo tenda ikitangazwa, msiulize bei kwanza. Fukieni bunduki 5 kwenye boma lenye nyumba za mabati, muuzaji asijue ni wapi. Kisha mwambieni arushe droni yake, kamera zikiwa zinarekodi.