Kabla ya Vidonge vya Chuma, Uulizwe Uloto

Mama mjamzito akipimwa kliniki akaambiwa HB yake ni 8, na mtoto mwenye selimundu akipimwa akakutwa na 8 hiyo hiyo, karatasi zao za majibu zinafanana. Wote wawili damu yao ni ndogo. Lakini huenda uloto wa mama unataka kutengeneza damu na umekosa malighafi, ilhali uloto wa mtoto unatengeneza usiku na mchana huku seli zikivunjika kabla ya wakati wake. Kumpa kila mmoja pakiti ya vidonge vya chuma na kumuaga ni kutibu tarakimu.

HB ni kipimo cha himoglobini, protini yenye chuma inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwanamume akiwa chini ya 13. Ni kipimo cha lazima. Ndicho kinachosaidia kuamua nani aongezewe damu usiku huu huu. Kinachokishinda ni kueleza damu imekwenda wapi.

Seli nyekundu huzaliwa katika uloto, ambao wengine huuita uboho, ile tishu laini iliyomo ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima, kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Kila sekunde huzaliwa seli zipatazo milioni 2, na karibu idadi hiyo hiyo ya seli kongwe huondolewa, kwa kuwa seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Amri ya kuzalisha hutoka kwenye figo: zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo huhimiza uloto. Ndiyo sababu mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi hupungukiwa damu hata akila vizuri, na wengi wanaosafishwa damu huchomwa sindano za homoni hiyo.

Ndani ya uloto seli changa hugawanyika na kujaza himoglobini kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hufanya jambo ambalo bado linanistaajabisha kila nikilitazama kwenye hadubini: hutema kiini chake. Inayobaki huitwa retikulosaiti. Bado ina mabaki ya RNA, na ukiitia rangi maalumu ya buluu mabaki hayo huonekana kama nyuzi zilizosokotana. Ikishaingia kwenye mzunguko wa damu, baada ya siku moja hivi nyuzi hizo hupotea na seli huwa imekomaa.

Hapo ndipo penye kipimo ninachotamani kiagizwe mara nyingi zaidi. Kwa kuwa retikulosaiti zilizomo kwenye damu ya leo zimetoka kwenye uloto karibuni tu, kuzihesabu ni kuuliza uloto unafanya nini wakati huu. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya asilimia 0.5 na 2.5 ya seli nyekundu. Zikiwa nyingi kwa mtu mwenye damu ndogo, uloto unaitikia, hivyo tutafute seli zinakovuja au kinachozivunja. Zikiwa chache, tatizo liko kwenye uzalishaji. Vifaa vinavyohitajika ni rangi, kioo, hadubini na mtu mwenye subira ya kuhesabu seli elfu moja.

Asilimia hiyo, hata hivyo, hudanganya isiposahihishwa. Chukulia mgonjwa ambaye seli nyekundu zimejaza asilimia 15 tu ya damu yake, badala ya 45, naye ana retikulosaiti asilimia 3. Unaweza kudhani uloto wake unajitahidi. Zidisha 3 kwa 15, gawanya kwa 45, unapata 1. Kwa mtu aliyeishiwa damu kiasi hicho, 1 ni kidogo mno: uloto wake umezidiwa au umekosa kitu.

Selimundu huonyesha uzito wa jambo hili kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoujua. Seli za mgonjwa huishi siku 10 hadi 20 tu, hivyo retikulosaiti zake kwa kawaida ziko juu. Akiambukizwa kirusi kiitwacho parvovirusi B19, ambacho hushambulia seli changa za uloto, uzalishaji husimama kwa wiki moja au zaidi kidogo. Mwenye ghala la miezi minne hatikisiki akikosa kuvuna wiki moja; anayeishi kwa akiba ya siku 10 hufikwa na njaa. Ndugu yake asiye na selimundu anaweza kupata kirusi hicho hicho asijue, ilhali yeye himoglobini inaporomoka kwa siku chache na anahitaji kuongezewa damu haraka. Maabara huona retikulosaiti zimetoweka, na jibu hilo lisikae kwenye trei kungoja kesho.

Uzalishaji ukiwa hafifu, swali linakuwa umekosa nini. Picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP kwenye fomu, hutoa dokezo la kwanza kwa ukubwa wa seli. Seli ndogo na zilizopauka huelekeza kwenye ukosefu wa chuma, ingawa pwani yetu ina watu wengi wenye thalasemia ya alfa, ambao seli zao ni ndogo na chuma wanacho. Seli kubwa hutufanya tufikirie vitamini B12 au foliki asidi. Akiba ya chuma hupimwa kwa feritini, lakini feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi, hivyo mtoto mwenye malaria anaweza kuonekana ana akiba ya kutosha na kumbe hana.

Madhara ya kutojua tuliyaona Pemba. Watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na foliki asidi wakati malaria ilikuwa kali kisiwani. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Matokeo, yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 2006, yalionyesha kuwa uwezekano wa kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali uliongezeka kwa asilimia 12 miongoni mwa waliopewa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa kwa undani, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika. Sasa Shirika la Afya Duniani linataka chuma kitolewe sambamba na kinga na tiba ya malaria. Mjamzito asiache vidonge vyake vya kliniki kwa kusoma haya. Mahitaji yake ya chuma ni makubwa na yanajulikana.

Anayetibiwa kwa chuma arudi kupimwa. Uloto uliokuwa na njaa ya chuma huonyesha ongezeko la retikulosaiti ndani ya siku 7 hadi 10, na HB hupanda kwa takribani gramu 2 katika wiki tatu au nne. Isipopanda, daktari aulize upya: vidonge vinamezwa pamoja na chai, inayozuia chuma kufyonzwa? Kuna safura inayonyonya damu utumboni, au hedhi nzito isiyotajwa? Na HB ikishafika mahali pake, vidonge huendelea kwa miezi mitatu hivi, kwa sababu akiba huwa bado tupu.