MPIRA WA MTOTO UNA UMRI WAKE

Ukipita jioni katika barabara za Ngamiani mjini Tanga, au ukishuka ufukoni maji yakiwa yamekupwa, hukosi kuwakuta watoto wakifukuzana na mpira. Utazame mpira wenyewe. Mara nyingi haukununuliwa dukani. Ni matambara yaliyoviringwa yakashindiliwa, yakavishwa soksi kuukuu, kisha yakafungwa kamba huku na huku mpaka yakawa duara. Mchezo wa mpira huo watoto wetu huuita chandimu. Na kwa jicho la mzazi mwenye haraka, chombo chake ni takataka iliyopotea njia ikaingia uani.

Nia ya makala hii ni kukueleza kwamba mpira ule ni kazi ya ufundi, na kwamba kila kitu kinachotumiwa kuutengeneza kina namna yake ya kuruka na namna yake ya kuzeeka. Mzazi anayelifahamu jambo hilo ataokoa fedha zake, atakinga miguu na kichwa cha mwanawe, na hatautupa jalalani mpira uliofikia siku zake bora kabisa.

MPIRA MPYA SI LAZIMA UWE MZURI

Tuanze na mpira wa matambara. Siku unapofungwa huwa mgumu, na mafundo ya kamba husimama juu kama vijiwe. Ukipigwa huenda upande asioutaka mpigaji, kwa sababu uzito wake haujatulia katikati na mafundo yake hayakupangika sawasawa. Vidole vya mtoto anayecheza pekupeku huumia.

Baada ya siku kadhaa za kupigwa, mambo hubadilika. Matambara hushikana, mafundo huzama, kamba hujipatia mahali pake. Mpira hushika umbo; unapoupiga, mguu hauumi, nao huenda unakotumwa. Hapo ndipo ujana wake ulipo. Kisha huja uzee: kamba hukatika kwa kusuguliwa na mawe ya matumbawe, tumbo hulegea, na duara hugeuka yai. Watoto hawautupi hata hapo. Huufungua, huondoa kilichooza, huongeza tambara, huufunga upya. Maisha huanza tena.

Basi utaona kwamba mpira una umri tatu: ukali wa upya, utulivu wa ujana na ulegevu wa uzee. Kinachotofautiana ni muda ambao kila kitu hukaa katika kila umri, na jambo hilo hutegemea asili ya kitu chenyewe.

KATANI, SUFI NA SANDARUSI

Mkoa wa Tanga umejaliwa vifaa vya kazi hii. Wa kwanza ni mkonge. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliyeuagiza kutoka Florida nchini Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyofikia kutoa kiasi cha tani 230,000 za katani mwaka 1964.

Kamba ya katani ina sifa ambayo watoto huijua bila kufundishwa darasani: ikilowa hufura na kujikaza. Kwa hiyo mpira uliofungwa kwa katani na ukanyeshewa kidogo hukazika zaidi. Lakini ukilazwa na unyevu siku nyingi, katani huoza. Tena ni kamba yenye nywele. Hukwaruza ngozi mpaka itakapolainika kwa kutumika.

Wa pili ni sufi, pamba ile nyepesi ya msufi. Unyuzinyuzi wake una uwazi ndani na nta nje, ndiyo maana hauingiwi na maji upesi, na zamani ulijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Mpira uliojazwa sufi hauwi mzito wakati wa masika. Kasoro yake ni kwamba sufi ikigandamizwa mara nyingi hufanya madonge, na mpira huwa na upande mzito na upande mtupu.

Wa tatu ni plastiki. Kwa miaka mingi watoto walitegemea mifuko laini ya dukani, iliyojulikana kama mifuko ya rambo. Mpira wake ulikuwa mwepesi, haukunywa maji, na ulidunda kidogo kwa sababu ya hewa iliyonaswa katika mikunjo. Ila wepesi huo ndio uliokuwa udhaifu wake: uliondoka mguuni kwa kasi, kisha ukaishiwa nguvu njiani, na upepo wa kusi ukivuma uliuchukua ulikotaka. Kitu chepesi chenye mwili mkubwa hushindwa na hewa mapema. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, kwa sababu ilikuwa ikiziba mitaro na kuishia baharini.

Yabaki magunia ya sandarusi. Neno hilo lina historia. Wazee wetu wa pwani waliita sandarusi utomvu mgumu wa miti uliochimbwa ardhini na kuuzwa ng'ambo kupitia Unguja katika karne ya 19, ukatengenezewa vanishi. Leo jina limehamia kwenye plastiki ya kiwandani iitwayo polipropilini, ile ile iliyoshindana na katani ya Tanga katika masoko ya dunia na kuiteremsha bei. Uzi wa sandarusi haulowi wala hauozi, na kwa mwezi wa kwanza huishinda katani kwa mbali. Adui yake ni jua. Miale ya jua hukatakata minyororo midogo sana inayoishika plastiki hiyo, na gunia lililokuwa imara hugeuka makapi yanayomeguka mkononi. Makapi hayo hayaozi. Huendelea kuwa madogo, yakafuata mvua hadi baharini. Katani ikizeeka hurudi kuwa udongo.

HEWA NAYO INACHEZA

Huenda ukauliza, mafundo na mishono yana uhusiano gani na mwendo wa mpira hewani? Yana uhusiano mkubwa. Hewa hupinga kila kipitacho ndani yake. Mpira wenye mishono huivuruga hewa kidogo kidogo, na hewa iliyovurugwa hivyo hung'ang'ania mgongo wa mpira kwa kitambo kabla ya kuuacha. Nyuma yake hubaki mkia mwembamba wa msukosuko, na mpira hausumbuki sana. Mpira laini mno huachwa na hewa mapema, tena pande zake haziachwi kwa pamoja. Na usipozunguka, huyumba kama mlevi.

Ulimwengu mzima ulilishuhudia jambo hili mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini. Mpira wa mwaka 1970, ulioitwa Telstar, ulikuwa na vipande 32 vilivyoshonwa. Ule wa 2010, Jabulani, ulikuwa na vipande 8 tu vilivyounganishwa kwa joto, na walinda mlango wengi waliulalamikia. Wataalamu wa NASA, shirika la Marekani la anga za juu, waliupima katika handaki la upepo, wakaona kwamba huyumba zaidi unapokwenda kwa kasi ipatayo kilomita 70 hadi 80 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida ya mkwaju wa adhabu. Mpira wa mwaka 2014, Brazuca, ulikuwa na vipande 6, lakini mishono yake ilikuwa mirefu zaidi na yenye kina zaidi, ukatulia.

Basi mtoto wa Makorora anapoyapigapiga mafundo ya mpira wake kwa jiwe ili yalingane, anafanya kwa mkono kazi ile ile iliyofanywa na mafundi wa viwanda vikubwa. Mafundo yasiyolingana huupotosha mpira, yaliyolingana huuongoza.

VISAHANI VYA WAMAREKANI

Wenzetu wa Marekani wana mchezo unaolithibitisha jambo hili kwa uwazi zaidi. Ni gofu, lakini badala ya kupiga kijipira kwa fimbo, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kwa mkono mpaka kiingie katika kikapu cha minyororo. Mchezo huo ulipangiwa viwanja na Ed Headrick huko California katika miaka ya 1970, na mwaka 1983 Dave Dunipace alibuni kisahani chenye ukingo uliochongoka, kinachopasua hewa na kwenda mbali.

Wachezaji wake hawaulizi umbo la kisahani tu. Huuliza pia kimetengenezwa kwa plastiki gani. Ile ya bei nafuu hushikika vizuri mkononi, lakini ikigonga miti mara chache ukingo wake huchubuka. Ile ya bei ghali huvumilia kwa miezi mingi bila kubadilika. Kisahani kipya cha kurushia mbali, kikirushwa kwa mkono wa kulia kwa namna ya kawaida, mwishoni hukata kona kuelekea kushoto. Kikichakaa kiasi huenda moja kwa moja. Kikizeeka zaidi huanza kwa kujipinda kulia. Kwa sababu hiyo mchezaji mzoefu hakitupi kilichochakaa. Hubeba kipya, cha makamo na kizee vya aina moja, na kila kimoja hukipa kazi yake.

Hekima ni ile ile ya Ngamiani: kuchakaa si kuharibika. Kuna kuchakaa kunakokomaza kitu, na kuna kuchakaa kunakokiua.

UKIAMUA KUNUNUA

Siku ikifika ya kununua mpira wa dukani, usidanganywe na rangi. Mingi iliyo rahisi ina ngozi ya plastiki ya pivisii. Ni migumu mguuni, na ikichezewa juu ya changarawe hubanduka magamba. Ya bei ya juu zaidi ina ngozi ya poliyurethani, laini na yenye kustahimili msuguano. Lakini hiyo nayo ina ugonjwa wake katika pwani yetu: joto na unyevu huila taratibu hata ikiwa haitumiki. Bila shaka umewahi kuona viatu vilivyotunzwa kabatini kwa ajili ya sikukuu, soli ikameguka siku ya kuvaliwa. Sababu ni hiyo hiyo. Mpira wa namna hii haufai kufichwa sandukuni usubiri mgeni, unafaa kuchezewa.

Ngozi halisi ya ng'ombe hupendwa na wazee waliowaona Coastal Union na African Sports katika uwanja wa Mkwakwani zamani. Ngozi hulainika vizuri kwa kuchezewa, lakini hunywa maji, na ikianikwa juani hukauka na kupasuka. Ikaushwe kivulini, kisha ipakwe mafuta kidogo.

Angalia pia mfuko wa hewa ulio ndani. Ule wa mpira wa asili, utomvu kama ule unaogemwa Kihuhwi wilayani Muheza, hudunda vizuri sana, ila hupoteza hewa upesi na huhitaji kujazwa mara kwa mara. Ule wa mpira wa kiwandani uitwao butili hukaa na hewa siku nyingi. Mpira wa watu wazima huwa na uzito wa gramu 410 hadi 450 na mzingo wa sentimeta 68 hadi 70. Mtoto mdogo anunuliwe ulio mdogo na mwepesi kuliko huo. Usiujaze pomoni asubuhi na kuuacha juani, kwani hewa ikipata moto hutanuka na kuinyoosha mishono.

KICHWA CHA MTOTO

Hapa nakuomba, mzazi mwenzangu, usome kwa makini. Mwaka 2002 alifariki Jeff Astle, mshambuliaji maarufu wa West Bromwich Albion ya Uingereza, akiwa na umri wa miaka 59. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba ubongo wake ulidhuriwa na mipira mizito ya ngozi aliyoipiga kwa kichwa katika miaka yake ya uchezaji. Mwaka 2020 vyama vya mpira vya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliagiza kwamba watoto wadogo wa shule wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini.

Mpira wa matambara uliolowa hunywa maji kuliko ngozi. Ule uliokuwa mwepesi mchana huwa kama jiwe baada ya mvua ya jioni. Mfundishe mwanao kanuni nyepesi: mpira uliolowa huchezwa chini kwa mguu, kichwani hapana, mpaka ukauke.

MATUNZO

Mengine ni madogo na hayana gharama. Mpira wa matambara uanikwe penye upepo, si penye jua kali. Uliochezewa ufukoni usuuzwe kwa maji baridi, kwa sababu chumvi hukaa ndani na kuvuta unyevu usiku kucha. Kamba ikianza kukatika ifungwe siku ile ile, kabla tumbo halijalegea. Vipande vya katani na soksi pweke visichomwe moto pamoja na taka. Viwekwe mahali mtoto anapajua. Na mabaki ya sandarusi yakusanywe yasifuate mtaro.

Zaidi ya yote, usiutupe mpira wa mtoto kwa kuwa machoni pako umechakaa. Muulize kwanza. Huenda akakujibu kwamba ndiyo kwanza umekuwa mzuri, naye atakuwa amesema kweli, maana wiki nzima ya kufunga, kupiga na kufunga tena ndiyo iliyoufikisha hapo. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mpira wa dukani ukija na uje, upokewe kwa furaha. Lakini ule wa matambara ubaki uani, kwa sababu ndio uliomfundisha mwanao kutengeneza kitu kwa mikono yake, kukitazama kikichakaa, na kukirudisha katika uzima.