Usalama wa Mji Mdogo

Wengi hudhani ya kuwa wezi na wauaji ni wa miji mikubwa, na kwamba penye watu wachache wanaojuana kwa majina pana amani. Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, yatufundisha vingine. Tarehe 6 Oktoba 1996, vita ilipokuwa ikianza, watu wenye silaha waliivamia hospitali yake, wakaua wagonjwa vitandani na wauguzi pia. Mganga mkuu, Denis Mukwege, aliokoka. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini wauaji wa Lemera hawajahukumiwa. Kujuana ni kwema, bali hakuzuii risasi. Mji, uwe mdogo au mkubwa, hulindwa na sheria imfikiayo kila mkosaji.