Nani alisema Majengo haina historia?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kazi ndogo: kila mmoja aandike kurasa mbili kuhusu asili ya jina la mahali alikolelewa. Wengi waliandika kuhusu mito, milima na koo. Msichana mmoja aliyekulia Majengo, Pumwani, aliniletea karatasi kuhusu kijiji cha babu yake huko Murang'a, ambako, kama alivyokiri baadaye, amewahi kulala siku nne tu. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa upole: "Mwalimu, Majengo haina historia. Ni mahali pa kukaa tu."

Jibu hilo limenikosesha raha hadi leo. Simlaumu binti huyo, kwani ni sisi walimu tuliomfunza hivyo. Tunamkaririsha mtoto wa Eastlands majina ya wafalme wa Buganda, kisha anavuka soko la Gikomba kila asubuhi bila ya kuambiwa kwamba ardhi anayoikanyaga ina umri wa kisiasa kuushinda wa Jamhuri yenyewe.

Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoamua kuwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja. Kabla ya hapo walikuwa wakiishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini na hata Kileleshwa. Naam, Kileleshwa, ambako leo mshahara wa mhadhiri hautoshi kodi. Vijiji hivyo vikafutwa kimoja baada ya kingine. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi, nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati mtaa wa Shauri Moyo ulipokuwa umejengwa kuwapokea watu wake.

Hapo pana jambo ambalo halina budi kuelezwa kwa makini. Pangani mtu alikuwa mwenye nyumba. Shauri Moyo alikuwa mpangaji wa manispaa. Waliotaka kuendelea kumiliki iliwabidi watafute kiwanja Pumwani, wajenge upya kwa udongo, fito na mabati. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Walikuwa wametoka Ukambani, Ukikuyu, Unandi na kwingineko. Wengi wao walisilimu, wakajiita Waswahili, wakaishi kwa kodi ya vyumba vyao na wakarithishana nyumba wao kwa wao, bila ya kumpigia mume wala ukoo magoti. Janet Bujra aliandika habari zao mwaka 1975, naye Luise White akatoa kitabu kizima mwaka 1990. White hakuficha kwamba baadhi yao walipata mtaji kwa kuuza miili yao, na msamiati wake wa kitaalamu umejaa maneno ya Kiswahili aliyoyapata kwa wazee wa Nairobi: malaya, watembezi, wazi-wazi. Msomaji mwenye haya ataona kinyaa. Mimi kama mwanaisimu naona kwamba watu wa mtaa huo walikwisha kuyachambua maisha yao kwa lugha yao wenyewe kabla ya mtafiti yeyote kubisha hodi.

Ama jina Pumwani, wakazi hulifasiri kuwa mahali pa kupumua au kupumzika. Sarufi ya neno hilo hainiridhishi, kwa kuwa kiambishi cha mahali -ni hupachikwa kwenye nomino, si kwenye kitenzi. Lakini watu waliofukuzwa mara mbili au tatu wakiamua kwamba hapa ndipo pa kupumua, sarufi na inyamaze kidogo.

Majina ya jirani yana uhakika zaidi. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana Kariakoo yao kwa sababu iyo hiyo. Soko la Burma linawakumbusha askari wetu waliopelekwa kupigana na Wajapani. Mtaa wa Mbotela una jina la Tom Mbotela wa chama cha KAU, aliyeuawa mwaka 1952, na mitaa ya Ofafa ina jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na jiji likagoma.

Kuhusu Sheng sitasema mengi, kwani nikianza sitamaliza. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliihusisha na mitaa hii ya Eastlands. Alamin Mazrui alidokeza mwaka 1995 kwamba mizizi yake yaweza kurudi hadi miaka ya 1930. Wanaoilaani kila mitihani ikitangazwa wangefaa kwanza kujua imezaliwa nyumba gani.

Ninaandika haya sasa kwa sababu muda ni mfupi. Gikomba huungua mara kwa mara. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Nyumba za zamani za halmashauri pale Pangani zimekwisha kupisha maghorofa, na mitaa mingine imo mbioni. Sipingi watu kupata vyoo vya ndani. Ninachouliza ni nani ameandika, kabla ya tingatinga kufika, nyumba hii ilikuwa ya nani na alitokea kijiji gani.

Nilimrudishia yule msichana karatasi yake bila alama, nikamtuma kwa mwenye nyumba wao. Wiki mbili zilipita. Juzi alikuja ofisini kuomba muda zaidi. Bi kizee, alisema, amekubali kuzungumza, ila amemtaka arudi Ijumaa baada ya sala, kwa kuwa siku hiyo dada yake atakuja kutoka Shauri Moyo, naye ndiye aliyehifadhi stakabadhi ya nyumba ya nyanya yao kule Pangani.